Nyumba za Rangi ya Maji

Mchoraji alikuwa na tabia ya kupuliza kioo cha kompyuta. Akishapitisha ile brashi yake isiyo na unywele hata mmoja, akaona buluu imetulia juu ya paa la mtu, aliinama karibu na kupuliza taratibu, kama mama anayepoza uji wa mtoto. Nilimwambia mara nyingi kwamba pale hakuna kitu kilicholowa. "Najua, najua," alijibu, kisha akapuliza tena. Alikuwa amechora kwa maji na karatasi miaka mingi kabla mashine haijamfikia, na mdomo wake ulikataa kustaafu.

Namwita Mchoraji kwa sababu mji mzima wa Homa Bay ulimwita hivyo. Jina lake lipo na watoto wake wapo, kwa hiyo acha libaki kwao.

Chumba chake cha kazi kilipakana na changu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mimi nilikuwa na ofisi ya kupiga chapa na kutoa fotokopi katika jengo la marehemu baba, ambaye alitoka Mombasa akiwa kijana kuja kuuza vitambaa na hakurudi tena. Ndiyo sababu Mchoraji aliniita nyar Mombasa, binti wa Mombasa, ingawa nilizaliwa palepale Homa Bay na bahari nimeiona nikiwa mtu mzima na meno yangu yote. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao nyembamba. Nilimsikia akikohoa, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya puani, na akigombana na printa kwa Kijaluo, kwa sababu alisema hiyo printa Kiingereza imekisikia sana na hakikusaidia.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mtu anataka kujenga. Analeta ramani, au hana ramani, analeta maneno tu na mikono ya kuonyesha. Mchoraji alimjengea nyumba ndani ya kompyuta, ukuta baada ya ukuta, mpaka unaweza kuizungusha ukaiona mgongo. Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye aliichukua ile picha kavu ya mashine, akaihamishia kwenye programu nyingine ya kuchora, na kuanza kuilowesha. Alilainisha mistari migumu, akaiacha rangi ivuke ukingo kidogo, akaacha weupe mahali jua linapopiga ukuta. Ikitoka kwenye printa, ungeapa mtu ameketi nje na kikombe cha maji mguuni, akaichora nyumba iliyosimama mbele yake. Na nyumba yenyewe haikuwepo. Palikuwa na shamba la mahindi, au kichuguu.

Hiyo rangi ya maji haikuwa ujanja wa biashara. Ilianzia kwa mzee mmoja wa Lambwe, mfugaji, aliyeletwa na wanawe kuangalia nyumba yake ikiwa bado kavu kwenye kioo. Alitazama muda mrefu, mikono nyuma.

"Mchoraji, hii nyumba ilikufa lini?"

"Bado haijajengwa, jaduong', mzee wangu."

"Basi ilikufa kabla ya kuzaliwa. Ona kivuli yake, ni kama masizi. Ng'ombe yangu haiwezi kukaribia hapa."

Wanawe waliona haya. Mchoraji alicheka, lakini nilimjua. Lile neno lilimkaa. Mzee aliporudi alikuta nyasi zimeinama, vumbi lina rangi ya vumbi, na mbingu imeanza kujaa mvua kutoka upande wa ziwa. Aligusa karatasi kwa kidole gumba. "Sasa hapa mtu anaweza kukaa," akasema, na tangu siku hiyo hakuna nyumba iliyotoka mle ikiwa kavu.

Alikuwa na misemo yake, na ukikaa karibu naye utaichukua bila kutaka. "Acha karatasi ipumue," aliwaambia wateja waliotaka kila pembe ijazwe maua. Waliotaka gari mbele ya mlango aliwaambia, "Gari litakuja lenyewe." Mwenye nyumba za wageni kule Takawiri alitaka ziwa liwe la buluu kama la kalenda. Mwaka ule gugu maji lilikuwa limefunika ufuo mpaka mitumbwi ilikwama. Mchoraji alimpa maji ya rangi ya chai iliyotiwa maziwa kiduchu, na kijani kidogo pembeni. Yule bwana alilalamika, akaondoka na picha, na baadaye nikasikia ameiweka mapokezi.

Ukitaka mtu wa kunyooka, usimtafute kwa Mchoraji. Alikuwa Msabato wa kweli, shemasi. Ijumaa jua likielekea kuzama aliifunika mashine kwa kitambaa kilichofumwa na mkewe, akafunga mlango. Lakini Jumamosi baada ya ibada nilimwona amesimama dirishani kwake na suti yake, ameweka viganja pembeni ya macho, anachungulia ndani. "Naangalia tu kama kuko salama." Kwa rangi alikuwa na subira ya ajabu, angeweza kushinda na ukuta mmoja mpaka adhuhuri. Kwa watu hakuwa nayo kabisa. Mtu akiingia na mandazi alimfukuza kama kuku. Alimfundisha kila aliyeomba jinsi ya kuhifadhi kazi kwenye kompyuta, naye mwenyewe hakuhifadhi, kwa sababu alitaka kumaliza kwa pumzi moja kama kwenye karatasi. Stima ikipotea, nyumba ya mtu ilipotea nayo. Nilikuwa nasikia kimya kile upande wa pili wa mbao, na sikumpa pole mapema, maana angenijibu vibaya.

Kisa cha wake wa Migori ndicho kilichotuchekesha zaidi. Mfanyabiashara mmoja wa huko, mwenye wake wawili, alitaka picha ya boma lote atakalojenga. Mchoraji, jicho lake likitafuta uzuri, aliisogeza nyumba ya mke mdogo mbele kidogo karibu na lango, kwa sababu pale ndipo mwanga uliangukia vizuri. Yeye ni Mjaluo, mila zote anazijua, na bado mkono ulimponyoka. Bwana hakuona kosa. Mke mkubwa aliliona. Alitoka Migori mapema, akaingia kwa Mchoraji na mwavuli na mkoba, akauliza kwa upole ni nani aliyemhamisha.

"Ni mwanga tu, mama," Mchoraji akasema.

"Mwanga? Mimi niliingia kwa hiyo boma kwanza. Huyo mwanga alinikuta huko."

Akavuta kiti, akaketi nyuma yake, na hakuinuka mpaka nyumba ya mwenzake ikarudi mahali pake na yake ikatazama lango sawasawa. Mchoraji alitoka jasho. Mama alipoondoka alinijia, akajitupa kwenye benchi langu. "Bahati yangu ni kompyuta," akasema. "Ndani ya kompyuta nyumba inahama." Tulicheka mpaka wateja wangu wakakasirika.

Nje ya kompyuta nyumba hazihami, na hapo ndipo palipokuwa na kidonda chake.

Kwa Wajaluo, kijana akikua hujenga nyumba yake ndogo ndani ya boma la baba yake, karibu na lango. Nyumba hiyo huitwa simba. Ataoa akiwa humo na watoto wa kwanza watazaliwa humo, lakini si mahali pa kuzeekea. Siku inafika mwanamume anatoka, anaanzisha boma lake, na mkewe anapata lango lake na jiko lake. Ila wanatoka kwa zamu, mkubwa kwanza, na mdogo akimruka mkubwa ni kama amekwisha kumhesabu na wafu. Mchoraji alikuwa wa pili. Kaka yake mkubwa alikuwa na kazi nzuri Nakuru, kuja nyumbani anakuja, kujenga hajengi. Basi huyu mtu aliyewajengea wenzake nyumba kwenye kioo alikuwa akipanda baiskeli kila jioni, kurudi kwenye simba yake juu ya kilima upande wa Rangwe, na mvi zake.

Nilimuuliza mara moja kwa nini asijenge tu, yeye mtu wa kanisa.

"Kanisa linaniruhusu," akasema. "Mama yangu ndiye hajaniruhusu. Na Adhiambo hatalala humo. Mtoto akipata homa tu, wote watanitazama mimi."

Adhiambo alikuwa mkewe. Alilelewa Mkatoliki kule Asumbi, na rozari yake ilikuwa bado ndani ya mkoba, Mchoraji akijifanya haioni. Nyumbani alipikia kwenye kibanda cha mabati kilichoegemezwa ukuta wa simba; mvua ikija upande alihama na sufuria yake. Alikuja mjini siku za soko na chakula cha mume kwenye kikapu chenye kifuniko, na hakuwahi kunipita bila kunipakulia. Mara ya kwanza kuziona zile picha zilizobandikwa ukutani, alizitazama moja moja. "Hawa wote wako na jiko," akasema. Hakulalamika. Alisema tu kama mtu anayesoma.

Mchoraji alikuwa na nyumba moja kwenye mashine ambayo hakuwaonyesha wateja. Ilikuwa yake na Adhiambo. Adhiambo akifika na hakuna mtu, Mchoraji aliifungua, na mkewe akaketi pembeni akitoa amri.

"Sogeza dirisha ya jiko. Hapo sioni njia."

"Njia ya nini? Wewe unapika ama unachunga barabara?"

"Vyote. Nataka nikichoka niangalie watu wakipita."

Alisogeza. Siku nyingine alitaka mlango wa kuku, siku nyingine alitaka moshi utokee upande wa magharibi. Niliwasikia kupitia mbao wakibishana kuhusu rafu ya vyungu, na nasema kweli, niliwaonea wivu. Hakuna mtu aliyewahi kubishana nami kwa mapenzi namna ile.

Mwishowe kaka akalainika. Wazee walimwambia hawataki jumba. Aje Agosti na mkewe, isimamishwe nyumba ya udongo na mabati, walale humo, basi njia ya mdogo imefunguka. Alikubali. Mchoraji siku hiyo aliingia ofisini kwangu bila kubisha, akanishika mikono yote miwili, naye si mtu wa kushika watu mikono. Akaagiza nguzo. Adhiambo akaanza kununua sufuria.

Kisha, kwa furaha na kwa shukrani, akafanya lile jambo. Akamchorea kaka yake zawadi: boma atakalokuwa nalo siku moja, Mungu akijalia, baada ya hiyo nyumba ya udongo. Ndiyo picha nzuri kuliko zote alizowahi kutoa. Nyumba ndefu yenye veranda, kuta za rangi ya mchanga uliolowa, paa jekundu lililofifia kidogo upande mmoja kama limekwisha kupigwa na jua la miaka. Nyuma yake kilima, na mbele nyasi ambazo ungetaka kuzivulia viatu. Alipoitoa kwenye printa tulisimama wote watatu tukiitazama, na Adhiambo akasema shemeji yake atalia. Pasaka kaka alipita, akaichukua, akalia kweli, akaenda nayo Nakuru kuitia fremu.

Agosti alikuja. Nguzo zilikuwa zimepangwa, udongo umechimbwa, vijana wa kukanyaga wamefika. Kaka alisimama pale na viatu vyake vya mjini, akatikisa kichwa. Mchoraji alinisimulia Jumatatu yake, akijaribu kucheka.

"Ameniambia, omera, ndugu yangu, watu wa Nakuru wameona nyumba yangu. Iko kwa ukuta. Mpaka mkubwa wa kazi ameiona. Sasa nitoke kwa hiyo niingie kwa udongo?"

"Si ulimwambia ni ya kufungua njia tu?"

"Nilimwambia. Amesema atajenga ile ile. Amesema nimpe muda."

Zile nguzo ziliachwa palepale zikaliwa na mchwa. Mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo. Nilimkasirikia yule kaka, na mpaka leo sijampunguzia, ingawa hakuwa mtu mbaya. Nilimwambia Mchoraji amchoree ingine mbaya, aiharibu makusudi, paa lipinde. Akaenda mbali kuliko mimi: alichora nyumba ya udongo yenyewe, ile ndogo, chumba kimoja na mabati, ili kaka aizoee. Lakini mkono ule haukujua kuchora kitu kibaya. Udongo ukatoka na joto lake, mlango mdogo ukatoka na kivuli cha kumkaribisha mtu. Kaka aliipenda sana. Akasema hiyo itakuwa nyumba ya wageni.

Siku moja Mchoraji alirudi kutoka kumpigia simu, akakaa kwangu badala ya kwenda kwenye mashine. "Anasema kila jioni akitoka kazi anaketi kuitazama," akaniambia. "Anasema akiitazama anahisi amefika nyumbani." Akanigeukia. "Nyar Mombasa, nilimpa nyumba. Ameshakaa ndani. Atajenga ingine ya nini?"

Ninalijuta jambo lile kama ni langu, na si langu. Angempelekea mbuzi. Angempelekea gunia la mahindi, au shati. Katika zawadi zote duniani alimpa ile aliyoijua kuliko watu wote, na ndiyo iliyomfungia mlango.

Halafu zikaja mvua za El Nino. Barabara zilikatika, kilima kikawa tope tupu, na mbu wakaingia kila nyumba. Adhiambo alishikwa na malaria. Walimteremsha kwa kitanda kilichobebwa na wanaume wa kijiji, kwa sababu hapakuwa na gari la kupanda kule, na alipofika hospitali alikuwa hasemi tena. Alizikwa kando ya simba, mkono wa kushoto wa nyumba kama wanawake wanavyozikwa, hatua chache kutoka kile kibanda cha mabati. Masufuria aliyonunua yalikuwa bado yamefungwa kwa kamba, yamewekwa darini. Niliyaona, nikatoka nje nikalia kwa hasira, si kwa huzuni peke yake. Kaka alikuja na shada kubwa la maua, naye alilia kuliko wote.

Baada ya hapo Mchoraji hakukaa Homa Bay. Alipakia mashine yake, akahamia Migori, akapata chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Alisema wateja wa huko ni wengi. Mimi najua alichokimbia: siku ya soko ikifika, saa ile ya mchana, kila mtu kwenye jengo letu alikuwa akigeuza shingo kutazama mlangoni, mimi wa kwanza.

Nilimwona tena mara moja tu. Nilikuwa nimekwenda Migori kutafuta mashine ya kupiga chapa ya mkono wa pili, nikamuulizia, nikaonyeshwa. Alikuwa amekonda, miwani imefungwa kwa waya upande mmoja. Alifurahi, akanitafutia chai, kisha akanipa habari ambayo ilikuwa haijanifikia: kaka yake amefariki, moyo, ghafla, hukohuko Nakuru.

"Na mwili ulipokuwa njiani tulijenga," akasema. "Si unajua mtu wetu hawezi kuzikwa kama hana nyumba. Tulikanyaga udongo mchana kutwa, na mimi nikikanyaga. Jeneza lilipofika ukuta ulikuwa bado mbichi. Ile nyumba aliikataa, ndiyo hiyo hiyo alilala ndani."

Nilimpa pole. Tukakaa. Na mimi, kwa kutaka kumtia moyo, kwa kutaka kuwe na kitu chema mahali fulani katika mambo haya yote, nikamwambia, "Basi sasa njia imefunguka, Mchoraji. Si ujenge? Ile nyumba bado unayo ndani ya mashine."

Alivua miwani, akanitazama bila hasira yoyote.

"Wewe umekaa na sisi tangu uzaliwe na bado hujui? Mtu haendi kuanzisha boma peke yake. Hiyo asubuhi ya kutoka, kijana wangu angebeba shoka. Mimi ningebeba jogoo. Moto unabebwa na mke."

Akaifuta miwani kwa pindo la shati.

"Wazee wananiambia nioe, hata kesho. Wanasema ni mambo ya asubuhi moja tu. Sasa nioe mtu, nimwambie aje, shika huu moto, ni wa Adhiambo?"

Wateja wake walikuwa wamefika, mume na mke wachanga kutoka upande wa Kuria, wamesimama mlangoni wakiogopa kukatiza wakubwa. Akainuka, akawavutia viti viwili mbele ya kioo, akavaa miwani yake. Kisha akamgeukia yule mke, akamuuliza angependa dirisha la jiko litazame upande gani.